Ukitaka taarifa za ubora wa hewa halmashauri, taja karatasi unayoitaka

Ukienda ofisi za halmashauri ukauliza kama hewa ya Tunduma ni salama, utajibiwa kwa mdomo, na jibu la mdomo huna pa kulipeleka. Kinachosaidia ni barua inayotaja karatasi: taarifa fulani, ya mahali fulani, ya kipindi fulani. Nimeandika barua za namna zote mbili, zile za jumla na zile zinazotaja karatasi, na tofauti ya majibu ni kubwa. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Songwe, hasa wenye watoto wanaosoma kando ya barabara kuu.

Walio mbali wajue kwanza tunaishi wapi. Barabara ya TANZAM inakata mji wetu, reli ya TAZARA nayo inapita hapa, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, Zambia. Shehena inayoshushwa bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo hupita mbele ya milango yetu. Kituo cha pamoja cha mpakani, walichokizindua Rais Magufuli na Rais Lungu Oktoba 2019, kilijengwa ili malori yasikae muda mrefu. Hata hivyo zipo siku foleni inarudi nyuma kuelekea Mpemba, malori yakijongea kidogo kidogo huku injini zinawaka. Kiangazi kikikolea, vumbi la barabara za mitaa linachanganyika na moshi huo, na wanaochoma mashamba wanaongeza wa kwao. Mama ntilie ninayekula kwake hufuta meza kabla mteja hajakaa, kisha huifuta tena chakula kinapofika. Kitambaa chake hakiwi chekundu kwa udongo, kinakuwa cheusi. Yale ni masizi ya dizeli, na yeye yuko pale tangu alfajiri.

Vumbi la kuonekana linakera, lakini linalozama ndani kabisa ya mapafu ni chembe ndogo kuliko maikromita 2.5. Shirika la Afya Duniani lilipopitia upya miongozo yake mwaka 2021, lilishauri chembe hizo zisizidi maikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 24, na maikrogramu 5 kwa wastani wa mwaka. Sisi nasi tunazo Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007. Ukiandika barua, unatafuta namba ya kulinganisha na viwango hivyo. Bila namba, mazungumzo yanabaki "moshi umezidi" na "mbona ni kawaida".

Haki ya kuomba unayo. Kifungu cha 172 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinampa kila mtu uhuru wa kupata taarifa za mazingira zilizo mikononi mwa vyombo vya umma, zikiwemo za uchafuzi unaotolewa hewani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia utaratibu: unaomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Asiyejua kusoma na kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo, na ofisa ndiye anayeyaandika maombi yake. Zitaje sheria zote mbili katika mstari mmoja, bila vitisho. Ofisa anayesoma barua yako mara nyingi anaishi mtaa uleule na anavuta hewa hiyohiyo.

Barua ielekeze kwa Mkurugenzi wa halmashauri, hata kama Afisa Mazingira unamfahamu kwa jina. Ikifika masjala inaingia kwenye jalada, inapanda kwa Mkurugenzi, naye anaandika pembeni nani aishughulikie. Uliyompa mtu mkononi haina njia hiyo. Mimi huandika hivi:

"YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZA UBORA WA HEWA. Mimi ni raia wa Tanzania na mkazi wa mtaa tajwa hapo juu. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala za vipimo vyovyote vya vumbi, moshi au gesi vilivyofanyika kando ya barabara kuu katika kata yetu kuanzia Januari 2022, pamoja na tarehe, mahali na kifaa kilichotumika. Naomba pia ripoti za ukaguzi wa mazingira katika maegesho ya malori kwa kipindi hicho. Na idadi ya wagonjwa wa nje waliotibiwa magonjwa ya njia ya hewa katika kituo chetu cha afya, mwezi kwa mwezi, bila majina yao. Ikiwa taarifa yoyote kati ya hizi haipo, naomba nijulishwe kwa maandishi kuwa haipo, na ni ofisi gani inayo."

Sentensi ya mwisho usiiache kamwe. Sheria inakupa taarifa iliyopo. Haiilazimishi ofisi kwenda kukupimia hewa. Kwa hiyo unaweza kujibiwa kwamba hakuna vipimo. Jibu hilo, likiwa na nembo, sahihi na mhuri, ni karatasi yenye nguvu. Mpelekee diwani wako kabla ya vikao vya bajeti, umwombe alifikishe kwenye Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Diwani akisimama na barua ya ofisi yenyewe inayokiri kwamba mji wa malori haujawahi kupimwa, hoja yake ni ngumu kuizima.

Wengi hawalifikirii ombi la idadi ya wagonjwa, na kwangu ndilo lenye faida zaidi. Kifaa cha kupima hewa kinaweza kukosekana, lakini vituo vya afya hujaza vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na takwimu zake hujumlishwa kila mwezi. Omba na za kituo kilicho mbali na barabara kuu, kwa miezi ileile. Juni na Julai kwetu ni baridi kali, watu wanajifungia na jiko la mkaa, na kikohozi kinapanda kila mahali. Ukiwa na kituo kimoja tu utalaumu malori kwa ugonjwa ulioletwa na jiko. Ukiwa na viwili, utaona kama wa barabarani wanaumia zaidi.

Peleka nakala mbili. Pale masjala, mama mmoja aliniambia baada ya shikamoo: "Marahaba mwanangu. Hii ya kwetu, ya kwako iko wapi?" Akagonga mhuri wa kupokelewa kwenye zote mbili na kuandika tarehe kwa kalamu ya bluu. Nakala hiyo yenye mhuri ndiyo ushahidi wako, na siku 30 unazihesabu kwa tarehe hiyo.

Si kila kitu kiko halmashauri. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa ni za TARURA, na NEMC ina ofisi ya kanda Mbeya. Mradi mkubwa hauanzi bila cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, kwa hiyo kwenye upanuzi wa barabara ya Igawa hadi Tunduma ulizia vipimo vya hewa vilivyochukuliwa kabla ya ujenzi. Ndugu zangu wa Ileje, fanyeni hivyo kwa makaa ya mawe ya Kabulo.

Jibu likichelewa, andika barua ya kukumbushia na uambatishe nakala yenye mhuri. Ukikataliwa, sheria ya mwaka 2016 inakuruhusu kumwomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi huo ndani ya siku 30, kisha kukata rufaa kwa Waziri. Kuna ofisi nilikoulizwa nani amenituma. Nilisema ni mkazi na nina watoto, na sikuongeza neno. Sheria haikudai utoe sababu.

Jedwali la vipimo likikufikia mkononi, anza na safu ya tarehe. Vipimo vya Februari, mvua ikinyesha na vumbi limelala, havisemi lolote kuhusu Agosti. Ukikuta ni vya masika vitupu, rudi masjala na barua nyingine, uombe vya kiangazi.