Sklerostini: jina linalosema kinyume cha kazi yake

Mwanafunzi wa lugha anaweza kuuliza protini ya mfupa inamhusu nini. Hapa Butembo na Beni inamhusu, kwa sababu daktari husoma kwa Kifaransa, na mgonjwa huongea Kinande au Kiswahili chetu. Katika makala hii ninachunguza protini moja, sklerostini. Hoja yangu ni kwamba istilahi ya tiba itafsiriwe kwa kufuata kazi ya kitu, si kwa kufuata shina la jina lake.

Kazi yake mwilini

Mfupa si jiwe. Maisha yote hubomolewa na kujengwa upya: kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga. Ndani ya mfupa wenyewe zimo seli nyingine zinazohisi uzito ambao mfupa unabeba. Hizo ndizo hutoa sklerostini, nayo huziagiza seli za ujenzi zipunguze kazi. Mfupa ukielemewa na uzito, sklerostini hupungua na ujenzi huongezeka. Mtu akilala kitandani muda mrefu, huongezeka, na mfupa hukonda.

Kwa hiyo sklerostini ni breki. Chukudu lililojaa viazi likiteremka mlima, breki haimzuii mwenyewe kufika sokoni. Ndiyo inayomfikisha salama.

Breki ikikosekana

Wapo watu wachache waliozaliwa bila protini hii. Wengi wanaojulikana ni wazungu wa Afrika Kusini wenye asili ya Uholanzi. Mifupa yao haivunjiki kwa urahisi, lakini huzidi kunenepa. Fuvu hubana neva, uso hupooza, masikio huziba, na ubongo wenyewe hukosa nafasi.

Ugonjwa huo uliitwa sklerosteosisi, kutoka Kigiriki: skleros, yaani gumu, na osteon, yaani mfupa. Mwaka 2001 makundi mawili ya watafiti yalitangaza jeni yenye kasoro, SOST, na protini yake ikarithi jina la ugonjwa. Ndiyo maana protini inayozuia mfupa kuzidi ugumu inabeba jina la ugumu. Imeitwa kwa jambo linalotokea isipokuwepo.

Mtego wa mfasiri

Tuseme mfasiri anafuata shina na kuandika "kigumisha mfupa". Sasa achukue dawa romosozumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa wanawake waliokoma hedhi na ambao mifupa yao iko katika hatari kubwa ya kuvunjika. Dawa hiyo huzuia sklerostini. Tafsiri yake itasema: "Dawa hii huzuia kigumisha mfupa." Mama mwenye mifupa dhaifu akiikataa, atakuwa amesikiliza vizuri, aliyekosea ni mfasiri. Akiandika "huilegeza breki ya ujenzi wa mfupa", mama ataelewa faida yake. Ataweza pia kuipima na onyo linaloandamana na dawa hiyo kuhusu mshtuko wa moyo na kiharusi.

Sisi tunajua uzito wa neno. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Beni na Butembo zilipokea maneno mengi ya kitabibu kupitia Kifaransa. Tazama neno "mshukiwa", likitumiwa kwa mtu ambaye hajapimwa. Katika Kiswahili mshukiwa ni mtu anayedhaniwa kuwa mhalifu. Anayeitwa hivyo husikia polisi kabla ya kusikia muuguzi.

Pendekezo

Napendekeza tuhifadhi "sklerostini" kama jina, ili msomaji aitambue katika vitabu vya nje, na mara ya kwanza tuongeze maelezo: "protini-breki ya ujenzi wa mfupa". Kabla ya kuunda istilahi yoyote tujiulize maswali matatu: kitu hiki hufanya nini? Kikizidi, nini hutokea? Kikikosekana je? Wenzetu wanaoandika Kinande wajaribu maswali hayo hayo kwa lugha yao, kisha tulinganishe majibu darasani.