Taa ya Mapambo: Mzungumze Kwanza



Somo letu la leo linahusu kitu ambacho wengi hudhani hakina uhusiano na ndoa: taa ya kupamba nyumba. Msiseme hayo ni mambo ya watu wa Karen. Hata hapa Gatwekera, katika chumba cha futi 10 kwa 10, mama hutandika vitambaa alivyofuma kwa mkono juu ya viti, na ukuta wa mabati huufunika kwa lesso. Kutaka nyumba ipendeze si majivuno. Ni njia mojawapo ya kuwaambia walio ndani kwamba wanapendwa.

Tuchukue mfano. Bwana mmoja wa kazi ya mjengo analipwa, anapitia soko la Toi, anaona taa ya mezani yenye kofia ya kitambaa, anainunua. Anafika nyumbani kwa furaha. Bibi yake anaitazama, kisha anauliza, "Na karo?" Tangu hapo, kimya mpaka asubuhi. Je, nani amekosa? Bwana alitaka kumfurahisha bibi. Bibi alikuwa akiwalinda watoto. Upendo ulikuwako pande zote mbili, lakini kila mmoja alipanga peke yake. Kabla ya kununua, ketini wawili mjiulize mambo matatu.

Kwanza, taa itamfaa nani? Katika chumba kilichogawanywa kwa pazia, mtoto anataka kusoma, na baba anayetoka alfajiri kwenda Industrial Area kwa miguu anataka kulala. Balbu moja ya katikati ikiwaka, baba hapati usingizi. Ikizimwa, mtoto hasomi. Taa ndogo inayoelekeza mwanga chini, juu ya daftari, huwapatanisha. Anzeni na hiyo.

Pili, itakula stima kiasi gani? Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila jioni, hutumia uniti 9 kwa siku 30. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwangaza karibu sawa na huo, haifikishi uniti moja na nusu. Nao wenye koroboi hawajasahau Septemba 2018, serikali ilipoongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa.

Tatu, je, ni salama? Balbu ya zamani hupata joto kali, na ikigusa kitambaa au karatasi inaweza kuwasha moto. Taa ya chuma yenye waya uliochubuka ikigusa mabati, ukuta mzima unaweza kushika stima. Fundi aikague kwanza. Koroboi nayo isiwekwe karibu na pazia kamwe. Na moshi wake hudhuru mapafu.

Urembo hauhitaji fedha nyingi. Kiondo kikuukuu cha mkonge, kikining'inizwa kichwa chini juu ya balbu ndogo ya LED isiyokigusa, huwa kofia nzuri ya taa. Mwanga hupenya kati ya nyuzi na kuchora maua ukutani. Huko Kitengela, mafundi huyeyusha vioo vikuukuu vya madirisha na kuvifanya taa na vyombo vya kupendeza.

Na wale wawili wa mfano wetu? Wasiitupe taa yao. Bwana aeleze alichokusudia, bibi aeleze alichoogopa, na kila mmoja asikilize mpaka mwisho bila kumkatiza mwenzake. Kisha waitie balbu ya LED na kuiweka mahali mtoto anaposomea. Karo waipangie pamoja usiku huohuo, mbele ya mwanga huo.

Maswali ya kujadiliana mkiwa wawili:

1. Ni kitu gani mwenzako alikileta nyumbani kwa upendo, nawe ukakipokea kwa lawama?

2. Mmekubaliana ni kiasi gani cha fedha mmoja wenu anaweza kutumia bila kumwuliza mwingine?

3. Jioni, ni nani katika nyumba yenu anayekosa mwanga?