Zana za Kuandikia Programu katika Kompyuta ya Kazi za Sauti na Video

Mkazi wa Kasulu au Kibondo anunuapo kompyuta mpakato kwa ajili ya kuhariri video za harusi, kurekodi kwaya au kutengeneza matangazo, fundi humuuliza: "Nikuwekee nini?" Wengi hujibu, "Weka vyote." Jibu hilo hujaza diski kwa vitu visivyotumika, na huenda likaacha nje vile vitakavyohitajika. Somo hili linahusu sehemu inayosahauliwa zaidi, yaani zana za kuandikia programu.

Tuchukue mfano wa Ubuntu Studio, mfumo endeshi huria uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2007 kwa ajili ya wasanii. Ndani yake mna Audacity na Ardour za sauti, Kdenlive ya video, GIMP ya picha na Blender ya katuni. Mnunuzi aweza kuuliza: mimi si mwandishi wa programu, zana hizo ni za nini? Ni za kupunguza kazi. Mpiga video aliyerejea kutoka sherehe akiwa na vipande 200, naye anatakiwa kuvipunguza ukubwa ili wateja wavipokee kwenye simu, aweza kufungua kimoja kimoja hadi usiku wa manane. Kwa ffmpeg, amri fupi iliyoandikwa mara moja huvipitia vyote yeye akiwa amelala. Blender na GIMP nazo huendeshwa kwa maagizo ya lugha ya Python. Mwanamuziki anayetaka kubuni ala yake mwenyewe atafaidika na Pure Data, ambayo huunganisha visanduku kwa mistari badala ya kuandika msimbo.

Zana inayostahili kuangaliwa kuliko zote ni kompaila ya gcc, ijapokuwa mhariri wa video huenda asiiguse kamwe kwa mkono wake. Baadhi ya vifaa vya Wi-Fi, hasa katika kompyuta zilizokwisha kutumika, havifanyi kazi mpaka kiendeshi chake kijengwe ndani ya kompyuta yenyewe. Ujenzi huo huhitaji kompaila pamoja na faili za linux-headers zinazolingana na kiini cha mfumo. Mnunuzi aliyefika nyumbani bila zana hizo hujikuta mahali pagumu: hana intaneti kwa sababu hana kompaila, na hawezi kupata kompaila kwa sababu hana intaneti. Simu iliyounganishwa kwa waya yaweza kumwokoa, lakini kwa bando lake mwenyewe. Kwa hiyo kifurushi cha build-essential, ambacho ndani yake mna gcc, kiwekwe dukani, kwa gharama ya intaneti ya fundi.

Ongeza kihariri chepesi cha msimbo kama Geany, na python3-doc, yaani mwongozo wa Python unaosomeka bila mtandao. Android Studio iachwe, isipokuwa kwa anayekusudia kutengeneza programu za simu: huhitaji RAM ya gigabaiti 8 na nafasi kubwa ya diski, kisha huendelea kupakua mengine baada ya kuwekwa. Kwa mhariri wa video, nafasi hiyo ni ya video.

Uliza pia namba ya toleo. Toleo la Ubuntu Studio la muda mrefu, kama 24.04, huhudumiwa miaka 3. Matoleo ya kati huhudumiwa miezi 9 tu. Huduma ya toleo la kati ikikoma, vifurushi vyake huhamishwa kutoka katika hazina ya kawaida, na hapo kuongeza hata zana ndogo huwa kazi ya kumrudia fundi.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji azime intaneti. Fungua dirisha la amri, uandike kwa zamu "python3 --version", "gcc --version" na "ffmpeg -version". Kila moja ikijibu kwa namba, zana ipo. Jibu likiwa na maneno "not found", haipo, hata kama imeandikwa kwenye orodha uliyopewa.

Kuhusu bei, muuzaji ana haki ya kudai malipo ya kazi yake, na leseni ya GNU yenyewe huruhusu kutoza fedha kwa nakala. Lakini akikuambia kwamba unalipia "leseni ya mwaka" ya Audacity au gcc, anakupotosha, kwa kuwa ruhusa ya kuzitumia haina ada wala kikomo. Dai stakabadhi inayotenganisha bei ya kompyuta na malipo ya ufundi, na iliyoandikwa namba ya toleo. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani pamoja na nakala ya stakabadhi hiyo.