Mikorosho ya Mama na Nauli ya Uingereza

*Shangazi, mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nina miaka 29, nimeajiriwa kituo cha afya huku Newala. Kuna wakala yuko Dar es Salaam anasema hospitali za Uingereza zimemtuma kutafuta wauguzi. Anataka milioni tisa, atashughulikia kila kitu. Mama amekubali kuchukua hela ya kangomba, alipe korosho msimu ukifika. Mjomba amekataa, hataki hata kunisikia. Mimi zamu ya usiku mara nyingi nabaki peke yangu wodi ya wazazi, na nikifikiria kuondoka najiona kama natoroka. Ila mshahara hautoshi na wadogo zangu wawili wako shule. Nifanyeje?*
*Muuguzi, Newala*

Mwanangu, tuanze na wakala, maana ndiye mwenye haraka kuliko nyote.

Sidhani kama kuna hospitali ya Uingereza iliyomtuma. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania imo. Uingereza imeiingiza orodha hiyo kwenye kanuni zake: waajiri na mawakala hawaruhusiwi kwenda kusaka wauguzi katika nchi hizo. Kenya walitiliana saini makubaliano na Uingereza Julai 2021, kwa hiyo habari za Wakenya usizichanganye na zako. Tena kanuni hizo hizo zinakataza kumtoza muuguzi ada ya kutafutiwa kazi. Huyo bwana ama hazijui, ama anazijua na anategemea wewe usizijue. Mimi nadhani ni hilo la pili.

Lakini kilichozuiwa ni kufuatwa, si kwenda. Muuguzi akiomba mwenyewe, kwa jina lake, kwenye tangazo lililo wazi kwa wote, havunji kanuni yoyote. Njia ni ndefu ila inajulikana. Baraza la Uuguzi na Ukunga la hapa nyumbani litathibitisha kwamba leseni yako ni hai na huna shauri la nidhamu. Baraza la Uingereza, NMC, litapima vyeti vyako na kukutaka uoneshe Kiingereza chako. Wengi hufanya IELTS, alama 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika. Halafu kuna mtihani wa kwenye kompyuta, na mwisho ule wa vitendo, OSCE, unaofanyika huko huko Uingereza.

Kwenye OSCE msimamizi anakaa na karatasi yake akikutazama unavyonawa mikono, unavyomsalimu mgonjwa na kuhakiki jina lake kabla hujamgusa, unavyotamka kila unachofanya. Wewe uliyezoea ndoo yenye koki siku ambazo maji ya chanzo cha Mitema hayajapanda, kunawa hutafundishwa na mtu. Utakachojifunza ni kusema kwa sauti kazi ambayo miaka yote umeifanya kimya.

Yote hayo yana ada, sitakudanganya. Ila unailipa kidogo kidogo, hatua kwa hatua, kwa taasisi yenyewe, na risiti inabaki mkononi mwako. Ukishindwa IELTS umepoteza ada ya IELTS. Hujapoteza mavuno ya shamba.

Na shamba ndilo lililomkasirisha mjomba wako. Kama wewe ni Mmakonde unajua, mikorosho ile si ya mama peke yake. Ni ya ukoo, na mjomba ataulizwa. Usimwone adui. Kusini nzima tunajua kangomba inavyokwenda: unachukua hela mwezi wa sita watoto wakidaiwa michango, mnada ukifunguliwa Oktoba gunia si lako, na bei aliyokupa mwenye hela ukiitaja mbele ya watu unaona haya. Serikali imeipiga marufuku, na mwaka 2018 korosho ziliponunuliwa kwa kusimamiwa na jeshi, watu wa kangomba ndio waliosakwa.

Mkataba wa wakala ni kangomba nyingine, safari hii korosho ni wewe. Soma vipengele vya mwisho: mikataba mingi inasema ukiacha kazi kabla ya miaka miwili au mitatu utarudisha maelfu ya pauni. Muuguzi anayeanza kule hupata pauni 30,000 na ushei kwa mwaka kabla ya kodi, na pango la chumba linakula sehemu kubwa. Ukienda na deni la mama huku na deni la mwajiri kule, wadogo zako watasubiri sana. Na wakala akikwambia utaanza kama mlezi wa wazee halafu utapanda, mwache hapo hapo. Tangu Julai 2025 Uingereza haitoi tena viza mpya kwa walezi wanaoajiriwa kutoka nje.

Sasa hilo la kutoroka. Dk. Leader Stirling alitoka Uingereza akafika kwetu Masasi mwaka 1935, akapasua watu Lulindi miaka na miaka, akaja kuwa Waziri wa Afya chini ya Mwalimu Nyerere. Sijasikia mtu akimwita mtoro wa hospitali za kwao. Mkondo umegeuka tu, na wewe hukuugeuza.

Hata hivyo sitasema kwamba hakuna atakayeumia. Wodi yako itapwaya, na mama mwenye uchungu saa tisa usiku hatajali WHO imesema nini. Ndiyo maana namna ya kuondoka ina uzito. Ukiondoka kwa barua, iwe ni likizo bila malipo ukikubaliwa au kuacha kazi kwa notisi, nafasi inajulikana iko wazi na mganga mfawidhi ana hoja ya kuomba mtu. Wauguzi waliohitimu wakakaa nyumbani bila ajira wako tele. Ukitoroka, unakaa kwenye orodha kama mtu aliyepo huku zamu ikibebwa na mwenzako, na shauri la utoro linakusubiri siku Baraza litakapoulizwa habari zako.

Kwa hiyo mimi nasema nenda, ikiwa bado unataka, lakini si mwaka huu na si kwa huyu. Mwambie mama asiguse kangomba; palizi na salfa ziendelee, korosho ziende chama cha ushirika, AMCOS, kama kawaida, na katika malipo yake akusaidie ada ya mtihani mmoja akipenda. Kamwone mjomba wewe mwenyewe, usimtume mama.

Kama wakala umeshampa chochote, andika tarehe, kiasi na namba uliyotumia, hifadhi ujumbe wake wote, usimpigie kumtishia. Peleka polisi, na uulize kwa ofisa kazi Mtwara kama ana leseni ya uwakala wa ajira.