Jina la Asiya: Matamshi Yake na Hukumu Yake

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Himdi ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: katika majina waliyoitwa mabibi wa zamani wa Mrima, tokea Moa mpaka Pangani, limo jina la Asiya. Halikuenea kama Fatuma na Mwanaisha na Mariamu. Tena limeingiwa na shaka: mtu husikia darasani ya kuwa Mtume (S.A.W.) alilibadili jina la Asiya, naye ana binti aitwaye hivyo, akarejea nyumbani na moyo mzito akataka kumgeuzia jina lake. Kwa hiyo yapasa jambo hili libainishwe.

Ijulikane kwanza ya kuwa hayo ni majina mawili, wala si moja. La kwanza huandikwa kwa alifu ya madda na sini, nalo ni jina la mkewe Firauni, Asiya binti Muzahim. Kisa chake kimo katika Sura ya Tahrim, aya ya 11, alipomwomba Mola wake amjengee nyumba Peponi na amwokoe na Firauni. Ila Qurani haikumtaja kwa jina. Jina limekuja katika hadithi ya Abu Musa (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) amemweka pamoja na Mariamu binti Imrani miongoni mwa wanawake waliokamilika. Na katika lugha ya Kiarabu neno hilo lina maana ya nguzo, na maana ya mwanamke atibuye.

La pili huandikwa kwa aini na sadi, na maana yake ni mwanamke aliyeasi. Neno hili Waswahili wanalo katika kuasi na maasi. Hilo ndilo alilolibadili Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Muslim kwa Ibn Umar (r.a.), ya kuwa binti yake Umar aliitwa hivyo, naye akamwita Jamila.

Sababu ya kuchanganya ni ulimi na kalamu. Ulimi wa Mswahili haupambanui aini na alifu, wala sadi na sini. Tena hukaza sauti penye silabi ya pili kutoka mwisho, akasema "Asia", na ile madda ya mwanzo ikapotea. Kalamu nayo: herufi za Kilatini, zilizosawazishwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, hazina alama ya kupambanua herufi hizo, na jina likiandikwa "Asia" hufanana na jina la bara.

Ama hukumu, kubadili jina baya ni sunna, kama alivyoeleza Imamu Nawawi (aliyekufa mwaka 676 H., yaani 1277). Lakini jina la mkewe Firauni si baya, bali ni jina la mja mwema. Basi halina haja ya kubadiliwa. Baba aliyemkusudia bibi huyo hadhuriwi na ulimi wa majirani. Wala nikaha haina shaka walii akisema "Asia". Kwani Nawawi ametaja katika Raudha ya kuwa walii mwenye binti mmoja tu, akimwoza kwa jina lisilo lake, nikaha husihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Sembuse aliyetaja jina lenyewe, ulimi tu ukapunguza madda?

Lililo wajibu wa walimu wa vyuo ni kumfundisha mtoto kuliandika jina lake kwa alifu ya madda na sini, wasimwandikie aini na sadi katika ubao wake; maana hapo kalamu humwita muasi, na mtoto hajui. Na kwa Kilatini ni bora liandikwe Asiya. Siku ya saba, baba anapochinja mbuzi wa akika ya binti yake, na alitaje jina hilo kwa kuvuta alifu yake, ili wenyeji walisikie na walishike.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.