Kunguni aliyepata kinga udongoni

Swali: Mtaalamu, mdudu anaweza kuwa sugu kwa dawa bila yeye mwenyewe kubadilika?

Jibu: Anaweza. Watafiti wa Japani walilithibitisha hilo mwaka 2012 kwa Riptortus pedestris, kunguni anayefyonza soya. Huyu harithi bakteria wake kwa mama. Kila kizazi huwaokota udongoni angali mchanga, wakakaa tumboni mwake. Shamba likipuliziwa dawa ya wadudu ya fenitrothioni mara kwa mara, bakteria wa Burkholderia wanaokula sumu hiyo huongezeka udongoni. Kunguni akiwameza, anapata kinga katika maisha yake yaleyale, wala hasubiri vizazi. Kwangu hilo linatisha kuliko usugu wa kurithi: dawa inaweza kumwandalia mdudu kinga kabla hajazaliwa. Ndugu msomaji, usipulizie dawa moja kila msimu.