Dawa Inapokosekana Kituoni: Haki na Wajibu wa Mgonjwa

Huduma bora ya afya haikamiliki kwa mgonjwa kupimwa na kuandikiwa dawa. Hukamilika pale dawa iliyo sahihi inapomfikia, naye akaitumia kama alivyoelekezwa. Dawa za vituo vya umma nchini Tanzania husambazwa na Bohari ya Dawa (MSD), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1993. Hata hivyo, hutokea mgonjwa akafika kwenye dirisha la dawa na kuambiwa kuwa aliyoandikiwa haipo. Somo hili linaeleza la kufanya tangu hapo.

Kabla ya kuondoka kituoni

1. Uliza kama ipo dawa mbadala. Mabadiliko yaidhinishwe na aliyekuandikia.

2. Hakikisha cheti kina jina halisi la dawa. Dawa moja huuzwa kwa majina mengi ya biashara, na bei zake hutofautiana.

3. Mwanachama wa bima aulize ni duka lipi lenye mkataba na mfuko wake, kabla ya kutoa fedha taslimu.

4. Asiye na uwezo amweleze Mganga Mfawidhi au Ofisa Ustawi wa Jamii. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatoa msamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Kueleza hali yako si kuomba hisani.

Unapofika dukani

Nunua famasi au katika duka la dawa muhimu lenye kibali kilichobandikwa mahali pa wazi. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kufikisha huduma kusiko na famasi. Maduka hayo huruhusiwa kuuza dawa zilizoorodheshwa tu.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia. Dawa bandia yaweza kufanana kabisa na halisi, hivyo macho peke yake hayatoshi. Kagua kifungashio, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, kisha dai risiti. Kwa risiti na namba hiyo, Mamlaka inaweza kufuatilia toleo lenye kasoro na kuliondoa sokoni.

Usinunue nusu dozi

Mtoto aliyeandikiwa antibiotiki ya nimonia kwa siku tano akinunuliwa ya siku mbili, homa yaweza kushuka huku ugonjwa ukiendelea. Fedha zikipungua, usikate dozi kimyakimya: rudi kituoni ueleze. Mtoto akihema kwa kasi, akishindwa kunyonya au kunywa, au akipata degedege, mrudishe mara moja, hata kama dawa haijaisha.

Toa taarifa

Ukiitilia shaka dawa, acha kuitumia, rudi kwa mtaalamu upate nyingine, na uhifadhi kifungashio chake. Toa taarifa kwa mfamasia wa wilaya au ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Upungufu unaojirudia upelekwe kwenye kamati ya usimamizi wa kituo, ambamo wananchi wana wawakilishi. Upungufu usiotolewa taarifa ni vigumu kurekebishwa.